Yuko Njiani

Simu ya kaka iliingia Jumamosi, tarehe 28 Oktoba 2023. Columbus, Ohio, ilikuwa saa nane usiku. Hamugembe ilikuwa saa tatu asubuhi, watu wameshakunywa chai. Mtu wa nyumbani anayejua fika tofauti ya masaa akikupigia wakati huo, huulizi kuna nini. Unauliza ni nani.

"Tata ameanguka bafuni," kaka akasema. Tata ndivyo sisi Wahaya tunavyomwita baba. "Upande wa kulia haufanyi kazi, na maneno hayatoki vizuri. Tupo hospitali."

Nikamuuliza presha ilikuwa ngapi, utadhani mimi ni daktari. Akanitajia. Halafu akauliza swali ambalo wiki nzima iliyofuata niliulizwa na kila ndugu mwenye bando: "Sasa wewe unakuja lini?"

Nikanyamaza. Nauli nilikuwa nayo. Pasipoti yangu ya Tanzania ilikuwa hai. Mke wangu alikuwa ameshaamka, amewasha taa, anatafuta tiketi kwenye simu yake. Tatizo langu lilikuwa gumu kumweleza mtu aliyesimama kwenye korido ya hospitali. Mwezi Aprili mwaka huo nilikuwa nimeomba ukazi wa kudumu wa Marekani, ile wanayoiita grini kadi, na maombi yalikuwa bado yanasubiri.

"Wamekuzuia kutoka?" kaka akauliza.

"Hawajanizuia."

"Sasa?"

Hapo ndipo penyewe. Hakuna aliyenizuia. Ningeweza kwenda uwanja wa ndege asubuhi ile na nisingeulizwa na mtu. Ila kwa mtu wa hali yangu, niliyeingia kwa viza ya mwanafunzi, nikasoma shahada ya uzamili ya uandishi wa habari, nikaoa raia na kuwasilisha maombi nikiwa humo humo nchini, sheria inasema hivi: ukitoka nje ya nchi kabla ya uamuzi, bila kibali cha kusafiri ulichopewa mapema, maombi yako yanahesabiwa kuwa umeyatelekeza. Faili linafungwa. Ada hairudi. Unaanza upya ukiwa nje, mke wako akiwa ndani, na hakuna anayeweza kukuambia itachukua miezi mingapi.

Kutelekeza. Sikulitia chumvi neno hilo. Ndiyo maana halisi ya neno la Kiingereza lililoandikwa kwenye maelekezo ya fomu. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kupima maneno, na hilo nililijua tangu utotoni. Kwetu linatumika kwa mwanamume aliyeacha mke na watoto akaenda kutafuta akasahau kurudi. Linatumika kwa mtoto ambaye kibanja cha baba yake kimeota majani wakati yeye anakula maisha mjini. Na linatumika, kwa sauti ya chini, kwa yule ambaye mzazi wake ameugua mpaka akazikwa bila yeye kuonekana.

Kwa hiyo usiku ule nilikuwa na mambo mawili ya kutelekeza, nichague moja.

Ngoja niseme kidogo juu ya sheria yenyewe, maana najua wapo wanaosoma hapa wakiwa kwenye foleni hiyo hiyo. Fomu ya ukazi kwa aliye ndani ya Marekani inaitwa I-485. Fomu ya kibali cha kusafiri inaitwa I-131, na kibali kinachotoka wenyewe wanakiita advansi paroli. Wapo wanaosamehewa kanuni hii, mathalani walio na viza hai za kazi za H-1B au L-1. Mwanafunzi hasamehewi. Mtu aliyezidisha muda wa viza yake ana hatari ya ziada: akiwa amekaa bila hadhi zaidi ya siku 180 kisha akatoka, anaweza kufungiwa miaka mitatu, akipitisha mwaka, miaka kumi. Huyo asinunue tiketi kabla ya kukaa na mwanasheria wa uhamiaji. Na wala si Marekani peke yake. Uingereza, ukiwa umeomba ukazi wa kudumu kisha ukasafiri nje ya Uingereza, Ireland na visiva vyao vya jirani kabla ya majibu, maombi yanahesabiwa kuwa umeyaondoa mwenyewe. Nchi tofauti, lugha ya kiofisi ile ile: wewe ndiye uliyeondoka.

Fomu yangu ya I-131 nilikuwa nimeituma pamoja na maombi, nayo ilikuwa haijajibiwa. Lakini ipo njia ya dharura. Unapiga simu, unaeleza, ukikubaliwa unapewa miadi kwenye ofisi ya mji wako na unaleta ushahidi. Jumatatu nikapiga. Nikapewa Alhamisi, tarehe 2 Novemba.

Ushahidi! Hapo kaka yangu ndiye aliyefanya kazi ya uandishi wa habari kuliko mimi. Alipata barua ya daktari. Kisha, kwa kuwa mwanasheria alishauri tuwe na uthibitisho kwamba mgonjwa ni baba yangu wa kweli, akaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti akaandika kwa mkono kwamba anamfahamu mzee huyo kwa zaidi ya miaka 30, kwamba ni mkazi mwema, kwamba "anaumwa sana na anamuulizia mwanae aliyeko Marekani", akagonga muhuri wa bluu ulioangukia nusu ya sahihi yake. Picha ya barua ikaja kwa WhatsApp, pembeni kinaonekana kidole gumba cha kaka.

Nyaraka za Kiswahili lazima zitafsiriwe, na mfasiri aandike tamko kwamba anazijua lugha zote mbili. Ili kusiwe na maneno nilimpa rafiki Mkenya atie sahihi, lakini rasimu niliiandika mwenyewe, saa sita usiku, mezani jikoni. "Anamuulizia mwanae." Nilijaribu namna nne. Kila niliyoiandika ilionekana kavu, au ilionekana nimemwekea mwenyekiti machozi ambayo yeye hakuyaweka. Mwishowe nikaiacha kavu.

Alhamisi yule ofisa alisoma barua zote mbili bila haraka, akauliza maswali matatu, akaniambia nisubiri. Baada ya saa moja na nusu nikapewa karatasi yenye picha yangu. Ilikuwa imeandikwa wazi kwamba hainihakikishii kuingia tena. Inaniruhusu kufika mlangoni na kuomba. Niliikunja mara moja, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko nikautia kwenye pasipoti, na kuanzia hapo mpaka ninarudi sidhani kama ilipita saa bila kuipapasa.

Mama alikuwa na sharti lake. "Usije na ndege ya kutua hapa," alisema. Sikubishana. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliangukia ziwani ikiwa inakaribia kutua Bukoba, watu 19 wakafa, na wavuvi wa pale ndio waliowahi kwa mitumbwi kuokoa waliookoka. Na mama ni wa kizazi kile ambacho hata leo ukitaja meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, atakuhesabia aliowapoteza. Sasa mimi nilikuwa nafika siku ya mwaka mmoja kamili tangu ile ndege. Nikakata tiketi ya Entebbe.

Watu wa Kagera tunaijua njia hiyo. Unashuka Entebbe, unalala Kampala, asubuhi unapanda basi: Masaka, Kyotera, Mutukula, halafu daraja la Kyaka, halafu migomba inaanza kukusogelea mpaka unafika mjini. Mutukula niligongewa muhuri chini ya dakika kumi. Karatasi yangu ya Marekani haikuangaliwa na mtu, wala haikuwa na maana yoyote pale. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama mmoja na kikapu cha nyanya, ana hati ya dharura ya safari iliyochakaa kwenye mikunjo, anasalimiana na ofisa kama jirani.

Nilimwonea wivu, kisha nikajikumbusha. Mpaka huo haukuwa rahisi kwa kila mtu. Mwaka 2013, nikiwa chuo, ilipita Operesheni Kimbunga kwenye mkoa wetu, na maelfu ya watu wakavushwa kwenda Rwanda, Burundi na Uganda, wengine wakiwa wamezaliwa upande huu na kuacha huku wake, waume na ng'ombe. Nakumbuka tulikaa bwenini tukijadili, nami nikasema kwa uhakika wa kijana wa miaka 23, "Kwani wao miaka yote hiyo walishindwa nini kutafuta karatasi?" Wenzangu wakakubaliana nami. Maneno hayo yalinirudia pale Mutukula, mkono wangu ukiwa kwenye mfuko wa plastiki.

Tata walikuwa wameshamrudisha nyumbani. Nyumba yetu ya Hamugembe ina ukuta mmoja ulioshonwa upya kwa saruji baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Lilikuwa la 5.9, na mtaa wetu ni kati ya sehemu zilizoumia zaidi mjini. Wakati ule nilikuwa ripota wa redio, nilipita nyumba hadi nyumba na kinasa sauti kabla sijajua kama ya kwetu imesimama. Kitanda cha Tata kilikuwa kando ya ukuta huo. Alikuwa amekonda, mdomo umeenda upande. Aliponiona alicheka nusu ya uso.

Alisema kitu. Sikukielewa. Shangazi, dada yake, ndiye peke yake aliyekuwa anaushika usemi wake mpya, labda kwa kuwa walikua kitanda kimoja. "Anauliza, wamekuruhusu au umetoroka?"

"Wameniruhusu, Tata. Nina karatasi."

Akanyoosha mkono wa kushoto. Nikamtolea. Aliishika muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi. Tata alikuwa mpima kahawa kwenye chama cha msingi. Maisha yake yote aliheshimu stakabadhi. Kisha akasema maneno mengi, kwa shida, mate yakimtoka, na shangazi akawa anamfuta huku anamsikiliza. Niliona uso wa shangazi unabadilika.

Inabidi nieleze. Babu yangu mzaa baba aliondoka Kamachumu miaka ya 1960 kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya Uganda, upande wa Masaka, kama vijana wengi wa wakati ule. Hakurudi. Bibi alilea watoto peke yake kwenye kile kibanja. Sisi wajukuu tulikua tukijua jambo moja tu kuhusu babu: alitelekeza familia. Hatukuwa na picha yake, wala mtoto aliyepewa jina lake.

"Anasema babu yenu alifika mpakani," shangazi akasema.

"Lini?"

"Wakati wa Amini. Anasema baada ya vita alikuja mtu kutoka Masaka akawaeleza. Alifika Mutukula, akakuta pamefungwa, akarudi. Akaja tena, pamefungwa." Akamgeukia kaka yake, akamuuliza kwa Kihaya mbona yeye hakuambiwa miaka yote hiyo. Tata hakumjibu. Aliniangalia mimi, akarudia neno moja ambalo hata mimi nililielewa: alifika.

Baadaye nilijaribu kuhakiki, kama mazoea ya kazi yangu. Ni kweli mpaka ulifungwa kwa vipindi wakati wa Idi Amin, aliyechukua nchi mwaka 1971. Ni kweli mwaka 1978 majeshi yake yalivuka pale pale Mutukula, na daraja la Kyaka likavunjwa. Lakini kama babu alisimama pale mara mbili, mara moja, au hakusimama kabisa na yule mgeni wa Masaka alitaka tu kuwafariji watoto wa marehemu, sina pa kuhakiki. Tata aliamua kuamini, akakaa nalo miaka zaidi ya arobaini, akalitoa siku ile aliposhika karatasi yangu.

Nilikuwa nimepanga kukaa mpaka tarehe 4 Desemba. Tarehe 13 Novemba mke wangu akapiga: barua ya usaili imefika, tuhudhurie wote wawili tarehe 30. Asiyehudhuria bila kuomba mapema kubadilishiwa siku, maombi yake nayo yanaweza kuhesabiwa kuwa ameyatelekeza. Neno lile lile tena. Tungeweza kuomba siku nyingine, lakini mwanasheria akasema ukiomba hujui utapewa lini, na karatasi yangu ilikuwa na tarehe ya mwisho. Nikabadilisha tiketi.

Asubuhi ya kuondoka, mama alikuwa amenifungia senene. Ulikuwa msimu wenyewe. Walikuwa wamekaangwa, wamekauka, wamepangwa kwenye kopo la plastiki lililofungwa na selotepu kama mali ya benki. Kila Mhaya anayesafiri anajua kopo hilo. Nikamwambia mama siwezi kulibeba.

"Wanakataza?"

Sikujua kama wanakataza. Nilichojua ni kwamba sikutaka kuwa na kitu chochote kwenye begi langu ambacho kingemfanya ofisa aniulize swali la ziada. Mama alilitazama kopo, akalirudisha kabatini, akasema atampa kaka. Katika yote niliyoyafanya kwa ajili ya karatasi, hilo ndilo ninaloliona aibu kulisimulia, na ni kopo la senene tu.

Tata nilimuaga akiwa ameketi. Hakulia. Aliniuliza, shangazi akatafsiri, kama karatasi ninayo.

Washington, uwanja wa Dulles, nilipelekwa kwenye chumba cha pembeni pamoja na wenzangu wa karatasi kama yangu. Simu hairuhusiwi. Nilikaa saa mbili na dakika kumi, nikihesabu viti. Kisha nikaitwa, nikaulizwa nilikwenda kufanya nini, nikajibu, nikagongewa muhuri. Tarehe 30 tulisailiwa. Yule ofisa aliuliza kama nimesafiri tangu niombe. Nikasema ndiyo. Kwa sababu gani? Kumuona baba. Akaweka alama kwenye kisanduku, akaendelea na swali linalofuata. Tukaambiwa majibu yatakuja kwa posta.

Tata alifariki Jumamosi, tarehe 17 Februari 2024, saa tisa usiku wa Bukoba. Kwangu ilikuwa Ijumaa saa moja jioni. Majibu yalikuwa hayajaja, na kile kibali kilikuwa cha safari moja, kimeshatumika. Ofisi zilikuwa zimefungwa. Mazishi yakapangwa Jumatatu. Nikatazama kalenda, na Jumatatu ile, tarehe 19, ilikuwa sikukuu ya Marais, ofisi zote za serikali hazifunguliwi mpaka Jumanne. Hakuna aliyenikosea. Sina hata wa kumlaumu, na nadhani ningeona afadhali kama angekuwepo.

Wakamzika Kamachumu, kwenye kile kibanja cha bibi. Binamu aliniwekea simu, lakini mtandao ulikuwa unakatika, nikawa napata vipande: migomba, miguu ya watu, sauti ya kwaya, kimya, tena migomba.

Kadi ilifika kwa posta katikati ya Machi. Mwezi wa nne nikasafiri, bila mfuko wa plastiki. Mvua ilikuwa inanyesha Kamachumu nzima. Kaka alinionyesha kaburi, tukasimama pale tukiwa na mwavuli mmoja. Kisha ndani akanitolea karatasi ya historia ya marehemu iliyosomwa siku ya mazishi, ameitunza kwenye faili pamoja na cheti cha kifo. Ilichapwa kwenye kibanda cha stationari mjini, lakini kuna mstari mmoja uliokatwa kwa kalamu na kuandikwa upya juu yake.

Kaka ndiye aliyeandika rasimu. Mstari ulikuwa unasema marehemu ameacha mjane na watoto watano, wanne wapo hapa na mmoja hakuweza kufika. Shangazi aliusikia unasomwa kwa majaribio usiku wa kuamkia mazishi, akamwambia afute. Kaka akamuuliza aandike nini, maana kweli hakufika.

Nikausoma ule mwandiko wa kalamu: wanne wapo hapa, na mmoja yuko njiani.